Miguu Chini ya Pazia

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya miguu. Najua wapo watakaocheka, lakini wale mliokuwapo sokoni Wundanyi jioni ile gari la sinema lilipopanda mlima mnakumbuka wenyewe. Tulionyeshwa kwanza jinsi ya kuchimba matuta, jambo ambalo hapa kwetu hata mtoto analijua, kisha jinsi ya kuchemsha maji ya kunywa. Watu walikuwa wameanza kujinyoosha na kutafuta njia ya kurudi makwao. Ndipo ikaja ile filamu fupi ambayo haikutangazwa. Haikuwa na sauti wala maneno. Ilikuwa miguu mitupu ya wanawake, kuanzia chini ya goti, inacheza mchangani chini ya kitambaa cheupe. Kila baada ya muda mfupi picha ilikatika, ikaingia miguu mingine.

Mama alikuwa amekaa karibu nami juu ya gunia. Akanishika mkono.

"Mwakio," akasema kwa sauti ya chini, "yule ni dada yako."

"Yupi?"

"Anayetanguliza kisigino."

Wakesho, dada yangu mkubwa, aliondoka kwetu kabla ya vita. Baba ni mzee wa kanisa, na kanisa letu halitaki ngoma. Wakesho alikutwa akicheza mwazindika, ngoma yetu ya Kitaita, pamoja na wanawake wasiobatizwa, na hilo likatukia juma lile lile alilokuwa apewe kipaimara. Baba akasema jina lake lisitajwe tena nyumbani mwake. Kulipopambazuka hakuwapo. Tangu hapo hatukujua kama yu hai au amekufa. Mama hakumtaja, ila kila lori la mboga liliporudi kutoka pwani alitoka nje kuangalia nani anashuka.

Na hatua ile kweli ilikuwa ya Mama. Alipokuwa msichana alikuwa mchezaji, na alikuwa na kosa lake moja. Mguu wa kushoto ulitanguliza kisigino, ukasita kidogo, kisha ndipo vidole vikashuka. Wenzake walimtania kwamba anacheza kama mtu anayeteremka mlima na mzigo wa kuni. Alipobatizwa aliacha kucheza, lakini alimfundisha Wakesho jikoni, mlango umefungwa, akamfundisha na kosa lenyewe.

Nilimfuata mwendesha mashine alipokuwa akifunga vitu vyake, nikamwuliza wale wanawake ni akina nani.

"Hao hawana majina," akanijibu. "Ukitaka zaidi, njoo Changamwe. Fika Magongo umwulize Ezra wa Miguu. Ndiye mimi."

Sikuweza kuendelea, kwa sababu Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na kofia mkononi, akinisubiri twende. Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hakosi sababu ya kwenda Mombasa. Niliaga kwamba nafuata uzi na vifungo. Mama akanifungia viazi na kunisindikiza hadi barabarani. "Uangalie vizuri," akaniambia.

Kutoka Wundanyi hadi Voi nilipanda lori la mboga, nimekaa juu ya kabichi, nikimwomba Mungu katika kila kona. Wenzangu mnaoijua njia ile hamhitaji kusimuliwa. Voi nikaingia gari moshi, daraja la tatu, nikabanwa kati ya mwanamke wa Ukambani mwenye kuku na kijana aliyevaa koti la kijeshi ambalo bega lake moja lilishonwa upya na mtu asiyejua kushona. Nilitamani kumvua nilifumue. Ndivyo nilivyo. Wengine wakisafiri huangalia milima na wanyama, mimi huangalia mishono.

Changamwe tulifika mchana. Joto lilinipokea mlangoni mwa behewa, zito na lenye chumvi, na shati langu likaning'ang'ania mgongoni kabla sijatoka stesheni. Hapa ni bara bado, hujavuka kuingia kisiwani, na watu wengi ni wafanyakazi wa reli na wa bandari, Wakamba, Wajaluo, Wagiriama na sisi Wataita wachache. Niliulizia Ezra wa Miguu. Niliyemwuliza wa kwanza alicheka, wa pili akanielekeza, na wa tatu akanipeleka mpaka mlangoni.

Magongo ndiko alikopanga, chumba kimoja cha udongo na makuti chenye ua mdogo. Jina lake kamili ni Ezra Mumba, Mrabai, mwembamba, kaptura yake imenyooshwa sawasawa ila mshono wa nyuma umerudiwa kwa uzi mweusi juu ya kaki. Alinitambua mara moja.

"Wewe ndiwe wa kule mlimani, uliyetaka majina."

"Ndimi."

"Karibu ndani. Majina sina, chai ninayo."

Tulikunywa chai, naye akanieleza habari zake bila kujivuna. Wazee wake ni Wakristo wa siku nyingi huko Rabai, na yeye alilelewa akiambiwa kwamba ngoma ni ya wasiosoma. Vita vilipokuja akachukuliwa hadi Burma, akapewa kazi ya kubeba masanduku ya mzungu mmoja aliyepiga picha za sinema za askari. Kwa kubeba alijifunza kutia filamu, na kwa kutia akajifunza kupiga. Huko Burma jioni, askari wa kila kabila walipocheza ngoma za kwao matopeni, ndipo alipotazama ngoma kwa mara ya kwanza bila mtu wa kumwambia afumbe macho. Mzungu yule alipoondoka akamwachia kamera yake kuukuu. Aliporudi aliajiriwa kwenye gari la sinema la serikali, na vipande vya filamu vinavyobaki kazini huviomba na kuvitumia kwa filamu zake za miguu.

Nilimwuliza kwa nini picha hukatikakatika. Akaitoa kamera sandukuni, akanionyesha kifunguo ubavuni.

"Hii hutiwa ufunguo kama saa," akasema. "Ukiujaza hadi mwisho inazunguka muda mfupi tu. Mtu hawezi kumaliza Baba Yetu, nayo imesimama. Ngoma za kwetu hazina mwisho, bwana, watu hucheza mpaka wachoke. Basi mimi natunga vipande. Kila kipande ni ufunguo mmoja. Mchezaji lazima aanze, apande, ashuke, amalize, kabla mashine haijalala."

Kumbe ndiyo siri yenyewe. Wachezaji wake hawasemi "wimbo wa kwanza" au "mzunguko wa pili", wanasema "ufunguo wa kwanza", "ufunguo wa pili". Huwafundisha kwa kutumia Baba Yetu. Husali kimoyomoyo huku wakicheza, na wakifika "utupe leo riziki yetu" wanajua wageuke. Nilishindwa kujizuia nikacheka, naye akacheka pia, akasema mchungaji wake bado hajui jambo hilo.

"Na pazia je?"

"Pazia ni ahadi. Wanawake wangu wengi ni watu wa kanisa. Akionekana uso anacheza, Jumapili anatengwa, hali Meza ya Bwana. Wengine wana waume wakali. Niliwaambia nitafunga kitambaa kutoka kichwani hadi magotini, wacheze nyuma yake. Nikawaapia kwamba sitamwonyesha mtu nyuso zao wala kuwataja majina. Mwanzo ilikuwa kwa ajili ya woga. Sasa naona miguu inasema zaidi. Uso hudanganya, ndugu. Miguu haijui kudanganya."

Hapo nikaona ndipo pa kusema. Nikamweleza habari za Wakesho, kisigino, Baba, na Mama juu ya gunia. Alisikiliza huku akigeuza kifuniko cha kamera mikononi.

"Sikwambii," akasema. "Usinikasirikie. Nikivunja kwa mmoja nimevunja kwa wote."

"Mama yangu anateseka, Bwana Ezra."

"Nimesikia. Sikwambii. Lakini kesho naenda Kisauni, na kesho kutwa Likoni. Nina mazoezi kila upande. Kuangalia miguu hukatazwi na mtu."

Pazia lake lilikuwa limechanwa na upepo, pindo limeachia. Nikatoa sindano yangu, nikalishona upya pale pale uani. Kitambaa cha marekani, kizuri, ila aliyekipinda mwanzo alipinda kama anafunga gunia.

Alasiri, nyuma ya nyumba, wakaja wachezaji wake wa Magongo, mahamali wa bandarini. Wanaume hawakuhitaji pazia. Walicheza kusukuma mkokoteni ambao haukuwapo, wakabeba magunia ambayo hayakuwapo, mmoja akipiga debe. Mara wote kwa pamoja mguu wa kushoto ukatanguliza kisigino, ukasita, vidole vikashuka. Nilisimama. Mahamali wa Kijaluo na wa Kigiriama, wanaume wenye mabega kama milango, walikuwa wanacheza kosa la Mama.

"Hii mnaiitaje?" nikamwuliza mmoja alipopumzika.

"Hatua ya mlima. Ezra ndiye alituletea. Hapa kwetu ni tambarare, tulianguka sana mwanzoni."

Usiku ule sikulala vizuri. Kama kila mtu anacheza hatua ile, nitamjuaje dada yangu?

Asubuhi tulivuka kisiwani, tukapita mjini bila kusimama, tukaenda hadi daraja la Nyali. Daraja hili linaelea juu ya maji, na gari likipita mbao zote hutikisika na moyo wako pamoja nazo. Ezra alitembea na sanduku lake begani kama mtu aendaye shamba. Mimi nilishika ukuta wa pembeni, na sioni haya kusema.

Kisauni, karibu na njia ya Kongowea, kulikuwa na ua mpana wa nyumba ya Mkristo mmoja mwenye cherehani kama yangu, jambo lililonifurahisha. Wanawake waliingia mmoja mmoja na vikapu kana kwamba wanatoka sokoni. Nikatakiwa nigeuze mgongo mpaka pazia lifungwe. Nilipogeuka ilibaki miguu tu, iliyojipanga mchangani chini ya pindo nililolishona mwenyewe. Nikaketi chini kabisa, kidevu magotini, nikaikodolea macho. Nisamehewe na wake zenu, sijawahi kutazama miguu ya wanawake kwa bidii namna ile.

Ngoma ikaanza. Hatua ya mlima ilipokuja, wote waliitia, lakini mguu wa mchezaji wa mwisho upande wa kulia ulisita zaidi ya wengine. Ulisita kama anavyosita Mama. Nadhani nilisahau nilipo. Nilikwenda mbio, nikashika pindo la pazia, nikalinyanyua.

"Wakesho!"

Hakuwa Wakesho. Alikuwa mama mmoja wa Kigiriama, mtu mzima, amefumba macho, midomo yake ikitembea katika Baba Yetu. Alifumbua macho akaniona. Wengine wakajifunika leso vichwani, wakakimbilia ndani.

"Wewe mwanamume wa bara," yule mama akaniambia taratibu, na utaratibu wenyewe ulichoma kuliko kelele, "kwenu pazia la watu hufunuliwa hivi?"

"Nisamehe, Mama. Nilidhani ni dada yangu."

"Hata angekuwa dadako. Angefunua mwenyewe akitaka."

Ezra alifungua kamba. Siku ile hapakuwa na mazoezi tena. Nilimwomba radhi mara nyingi njiani, yeye akazidi kutembea. Tulipofika katikati ya daraja, akatua sanduku.

"Nikuulize," akasema. "Ukimpata, utamfanyia nini? Utamfunga kamba umrudishe kwa babako?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu ukweli ni kwamba tangu Wundanyi sikuwa nimefikiri zaidi ya kumpata.

"Nitamwambia kwamba Mama yu hai," nikasema, "na kwamba aliijua miguu yake."

Ezra alinitazama, kisha akajitwika sanduku lake tena.

"Jioni hii nina mtu wa kumwona ng'ambo ya pili. Wewe lala Magongo. Kesho ukija Likoni, mikono yako iwe mfukoni."

Kesho yake nilivuka kivuko cha Likoni peke yangu kati ya baiskeli na vikapu vya nazi, nikapanda kule juu kuelekea Timbwani kama Ezra alivyonielekeza. Nilikuwa nimenyoa ndevu. Sijui kwa nini, labda kwa kuwa Wakesho aliniacha sina. Ezra alinipokea kwenye kiambo cha Bi Mwanasha, mjane wa Kidigo mwenye minazi kadhaa na ulimi usiopumzika. Uani palijaa makuti, mengine yameshonwa tayari kwa kuuzwa, mengine bado.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe mfunua mapazia?"

Nikainamisha kichwa. Akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaniwekea sahani ya mihogo ya nazi.

"Kula. Mtu hangojei jambo kubwa na njaa. Mimi nna mwanamke hapa, naishi naye miaka, wallahi sijaona mkaidi kama huyo. Anashona makuti hivi vizuri, ukimwambia apumzike hataki. Nikimwuliza kwao, hunambia kwao hatajwi. Sasa ale aishi vipi mtu asiyetajwa?"

"Bi Mwanasha," Ezra akamkatiza kwa upole.

"Sijataja jina, mimi. Nimetaja makuti."

Pazia lilikuwa limefungwa kati ya minazi miwili. Ezra akaniweka mbali nalo, karibu na kamera, akanieleza utaratibu. Yuko mtu mmoja nyuma ya pazia. Ameambiwa kwamba kuna mgeni kutoka Taita, na ameambiwa maneno niliyoyasema darajani, yote. Atacheza ufunguo mmoja. Mashine ikisimama, akitaka kubaki nyuma ya pazia atabaki, nasi tutafunga vitu twende zetu, na mimi sitauliza tena. Nikakubali. Nikatia mikono mfukoni kama nilivyoagizwa.

Ezra akajaza ufunguo mpaka ukagoma. Bi Mwanasha akachukua kinu cha kutwangia, akakigonga ubavuni kwa mchi, pole pole. Kamera ikaanza kulia. Chini ya pindo ikatokea miguu miwili yenye vumbi, na kidole kidogo cha kulia kilichopinda, ambacho nakijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyekidondoshea jiwe la kusagia nilipokuwa mdogo. Mguu wa kushoto ukatanguliza kisigino. Ukasita. Ulisita mpaka nikadhani umekataa, kisha vidole vikashuka. Nilisali Baba Yetu pamoja nao bila kukusudia, na nilipofika kwenye riziki, miguu ikageuka.

Halafu kamera ikasimama. Bi Mwanasha akashusha mchi. Pazia halikutikisika. Ezra alianza kufunga kifuniko cha kamera, nami nikajua huko ndiko kuondoka kwetu. Sijawahi kuutumia mwili wangu kwa kazi ngumu kama ile ya kukaa pale pale.

Pindo likapanda lenyewe. Mkono ulilishika, ukaliviringisha juu ya kamba kama mtu anayefungua dirisha asubuhi, na dada yangu akatoka. Amenenepa, ana mvi mbele, amevaa leso kama mwanamke wa pwani.

"Umeota ndevu ukazinyoa?" akaniuliza kwa Kitaita.

Nililia, na sina haja ya kulificha. Yeye hakulia. Alinikalisha juu ya makuti, akashika pindo la pazia, akaliangalia kwa vidole.

"Mshono huu wako?"

"Wangu."

"Nilijua jana Ezra alipolileta. Baba alikuwa anakugombeza kwa kushona karibu karibu hivi. Unamaliza uzi."

Tulizungumza mpaka jua likaegemea. Ezra ndiye aliyemwona kwanza kivukoni, akimtazama jinsi anavyoshuka ngazi na mzigo wa makuti kichwani, akaiomba hatua yake, akaipeleka Kisauni na Magongo. Wakesho alikubali kwa sharti moja. Alikuwa amesikia kwamba gari la sinema litapanda Wundanyi. Akataka ufunguo mmoja wa filamu ile uwe wake peke yake, na atie hatua ya Mama bila kuisahihisha.

"Kuandika sijui," akasema, "na hata ningejua, barua ingefika mkononi mwa Baba. Nikasema, Mama akiwa hai ataona. Kusipokuja mtu, basi nimejua kwamba hayupo."

Nilimwambia twende nyumbani. Akatikisa kichwa. Alisema pale kiamboni kwa Bi Mwanasha hutajwa jina lake tangu asubuhi hadi jioni, mara nyingine kwa matusi, na hawezi kurudi mahali ambapo ni lazima anyamaziwe. Akitajwa, atakuja.

Kurudi kulikuwa kwepesi kwa sababu sikuwa na mzigo. Nilikuwa nimesahau uzi na vifungo. Ezra alinisindikiza stesheni ya Changamwe, nikamshonea ule mshono wa kaptura kwa uzi wa kaki tukingoja gari moshi, yeye amejifunga shuka. Akaniambia gari lake litapanda tena Taita baada ya mvua.

Nilifika nyumbani wakati wa chakula cha jioni. Baba alikuwa mezani, Mama anapakua. Njia nzima nilikuwa nimejipangia kumwita Mama kando nimnong'oneze jikoni, kama tulivyozoea katika nyumba yetu. Lakini nilimkumbuka yule mama wa Kisauni, aliyesema kwamba mtu hufunua mwenyewe akitaka. Nikaona mtu wa kufunua safari hii ni mimi, na pazia ni langu. Nikaketi, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Wakesho anawasalimu."

Mwiko ulisimama juu ya chungu. Baba hakuinua macho. Nikaeleza yote, Timbwani, makuti, Bi Mwanasha, na ufunguo mmoja uliotungwa kwa ajili ya mtu mmoja. Nilipomaliza Mama alifuta mikono yake kwenye leso.

"Mwambie huyo bwana," akasema, "akija alete ile mashine yake inayopiga picha. Na mimi nina miguu."

Nilimtazama Baba. Mzee wa kanisa alikuwa anasogeza chumvi kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Alikaa hivyo mpaka ugali ukaanza kupoa.

"Basi ushone pazia," akaniambia hatimaye. "Liwe refu."

"Pazia la nini?" Mama akasema, akaendelea kupakua. "Wakesho anataka kuniona uso."